Cheni Lazima Icheze

Mtaani walimwita Kaza, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa seremala, na katika karakana yake hapakuwa na neno baya kuliko kucheza. Mlango ukicheza, mguu wa meza ukicheza, siku hiyo chakula hakimpiti kooni. Mkewe aliwaambia majirani kwamba bahati yake hakuumbwa na nati, la sivyo angekuwa ameshakazwa zamani.

Sasa Kaza alikuwa na safari ya siku tatu kwa pikipiki, kwenda kwa dada yake. Mkewe alimuuliza kwa nini asipande basi kama watu wenye akili zao, na Kaza hakuwa na jibu la akili. Alikuwa na jibu la moyo. Dada alikuwa anapoteza macho. Daktari alikwisha sema kwamba mwezi ukiisha huenda asione kitu tena, na kwenye simu dada mwenyewe aliomba jambo moja tu.

"Usije na basi, mdogo wangu. Miaka yote nakuona unateremka umejikunja, umebanwa na mabegi ya watu. Safari hii nataka nikuone unaingia uani na chombo chako mwenyewe, umekaa wima."

Huyo dada ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Kaza alikuwa na miaka minne, dada kumi na minne. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na majirani walimshauri kwa wepesi huohuo ampeleke mtoto kwa ndugu wa mbali, yeye arudi shule. Alikataa. Alikuja kuposwa mara mbili, na mara zote mbili akasema: anayenitaka mimi anachukua na huyu. Wale wawili wakaondoka na posa zao. Wa tatu akamtazama dada, akamtazama yule mtoto mwenye kamasi, akasema nyumba ina nafasi. Ndiye shemeji aliyemshikisha Kaza randa kwa mara ya kwanza, na Kaza alimpenda mpaka siku alipomzika.

Kwa hiyo pikipiki haikuandaliwa kimchezomchezo. Alibadili oili, akakagua breki, akafunga mpira wa ndani wa akiba chini ya kiti. Begi hakulitaka. Begi ni nguo iliyoshonwa, na nguo ina tabia ya kulegea. Alitengeneza sanduku la mbao ngumu, pembe zimeungana bila msumari hata mmoja, akalifunga nyuma. Kisha akaiona cheni. Ilikuwa imening'inia kidogo upande wa chini, na alipoisukuma kwa kidole ikapanda na kushuka.

Inacheza! Kaza alishika spana kama mtu aliyetukanwa. Alilegeza nati ya ekseli, akavuta gurudumu nyuma, akakaza mpaka cheni ikanyooka kama uzi wa kupigia mstari kwenye ubao. Akaigonga kwa ukucha, ikalia. Alifuta mikono, roho yake kwatu.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya kuondoka, aliijaribu na mzigo wote. Kwenye kilima cha kwanza ilikuwa sawa. Kwenye cha tatu, kitu kikaanza kulia nyuma, kwanza kwa aibu, halafu waziwazi. Akageuza, akaenda taratibu hadi kwa Mama Spana.

Mama Spana alikuwa fundi wa pikipiki pembeni mwa kituo cha mafuta, mwanamke mfupi, ovaroli yake ina mifuko mingi kuliko maneno yake. Alichuchumaa, akaitazama cheni, akamtazama Kaza.

"Kaka, nani amekukazia hii?"

"Mimi mwenyewe," Kaza akajibu, na fahari kidogo.

"Ilikukosea nini?"

"Ilikuwa inacheza."

"Lazima icheze!" Mama Spana akasimama. "Vidole viwili, juu na chini. Ndiyo afya yake. Hebu kaa juu. Kaa na uzito wako wote. Haya, inama uiguse."

Kaza akaigusa. Ilikuwa ngumu kama nondo.

"Umeikaza ikiwa haina mtu," Mama Spana akasema. "Ukikaa, na hilo kabati lako huko nyuma, inavutika zaidi. Inakosa pa kupumulia. Beringi imeshaanza kusagika, ndiyo inayolia. Ungefika nayo katikati ya safari, cheni ikatike, ijisokote kwenye gurudumu ukiwa kwenye mwendo. Basi tena, tungekuja kukusomba."

Kaza akashuka. Miaka thelathini alikuwa akiwafundisha watu kwamba kinachocheza kimeharibika, na hakuna siku aliyojiuliza kama hiyo ni sheria ya dunia au ya mbao tu. Kuuliza si ujinga, na yeye hakuuliza.

"Dada, umeniokoa," akamwambia fundi.

"Sijakuokoa, nimekulegeza. Cheni hii haifai tena, wala beringi. Vipya naletewa kesho, nakufungia kesho hiyohiyo, Jumamosi asubuhi unaondoka. Na hili sanduku libaki. Lenyewe zito kuliko vilivyomo. Kwani unahama?"

Wakati mwingine Kaza angelitetea sanduku lake. Sasa alilifungua mwenyewe kamba, akaliweka chini, akashukuru tena. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja, akatoa simu. Siku moja imepotea, na mwezi ulibakiwa na siku sita.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umeshafunga mizigo?"

Alimwambia yote, cheni, beringi, hata ujinga wake hakuuficha. "Kwa hiyo nitachelewa siku moja. Nisamehe, dada. Najua siku zenyewe zinahesabika."

Dada akacheka, kicheko cha kumcheka mtoto aliyemwaga uji. "Chelewa hata wiki."

"Lakini macho..."

"Macho yameshakwisha, mdogo wangu. Tangu Jumapili ya juzi. Naona mwanga wa mlango tu."

Kaza alisimama, akakaa tena. "Dada! Mbona hukuniambia? Ningekuja siku ileile!"

"Ndiyo sababu. Mimi nakujua. Ungekuja unalikimbiza hilo pikipiki, huli, hulali. Sikukulea uje ufie njiani kwa ajili ya macho yangu. Nikasema acha ajiandae kwa nafasi yake."

Machozi yalimtoka palepale, kwenye benchi la wateja, mchana kweupe. Hakuyazuia. Mama Spana aligeuka akawa anatafuta nati ambayo haikupotea. Siku zote hizi Kaza aliamini ni yeye anayemfanyia dada jambo. Kumbe yule mtoto wa miaka minne alikuwa bado kabebwa, na aliyembeba wala hakuwa amechoka. Shukrani ilimjaa mpaka ikamuuma.

"Sasa nikifika utaona nini, dada?" akauliza.

"Wewe njoo. Njoo polepole. Ukiingia uani usishuke, na injini usiizime. Iache ingurume, ili nijue ulipo, nije nikushike hapohapo juu," akasema. "Nitakupapasa mgongo. Nijue kama umekaa wima."

"Nitakaa," Kaza akasema.