Saini ya Mwenye Nyumba

Jumanne ya kwanza ya Juni, saa tatu asubuhi, Modesta alikuwa akishindilia gunia kuukuu la viazi kwenye mwanya wa dirisha, afisa wa mpango wa serikali alipobisha hodi. Ukungu ulikuwa haujaondoka kijijini Mgwashi. Binti yake Yudith alikuwa amemfunika mtoto wa wiki tatu kwa kanga mbili na blanketi, na bado vidole vya mtoto vilikuwa vya baridi.

"Shikamoo mama," alisema afisa, kijana aitwaye Alen.

"Marahaba. Pita, ufunge mlango. Ingawa hata ukifunga ni bure."

Alen alipima kuta, akaeleza. Serikali ilikuwa inatoa ruzuku kwa nyumba za zamani zinazopoteza joto: dari, vioo vya madirisha, jiko banifu na fundi wa kuziba nyufa. Mwenye nyumba halipi kitu. Anatia saini tu.

"Nipe kalamu," alisema Modesta.

Alen akapitisha kidole kwenye orodha. "Mwenye nyumba hapa ni Kristian."

"Mume wangu. Huu mwaka wa nne tangu afariki. Matofali haya nilichoma mimi."

"Basi lete karatasi ya msimamizi wa mirathi."

"Kikao cha ukoo cha kumteua hakijakaa. Shemeji zangu wanangoja viazi viishe shambani. Viazi vikiisha, wanangoja kabichi."

Alen alicheka, kisha akaacha. "Orodha inafungwa leo, mama. Bila mwenye nyumba siwezi."

Modesta akatoka nje. Kristian alikuwa mahali pake pa kila asubuhi, juu ya ngazi ya miti, amenyoosha viganja kwenye upenyo kati ya ukuta na bati, pale joto la jikoni linapotorokea. Alianza kuja tangu baridi ya mwaka ule aliokufa. Hakumsumbua mtu.

"Baba Yudith, shuka. Unatakiwa ndani."

"Wakiziba hapa, nitaota moto wapi?"

"Una mjukuu. Anasikia baridi kuliko wewe."

Kristian akashuka.

Walimzika na koti lake, na kwa haraka ya siku ile hakuna aliyekagua mifuko, kwa hiyo kitambulisho alikuwa nacho. Alen alimwamkia, akafuta udongo kwenye namba kwa kidole gumba, akalinganisha sura na picha. Penye kazi aliandika "mkulima". Fomu haikuwa na swali jingine.

"Ungekuja mapema, mzee, mama asingehangaika."

"Ni mbali," alisema Kristian, akatia saini.

Mafundi walimaliza kwa siku tisa. Usiku wa kumi mtoto alitoa mikono nje ya blanketi, na Yudith hakuona sababu ya kuirudisha.

Mwezi Julai Alen alirudi na kipimajoto. Hakukuta mwanya hata mmoja. Modesta alimwomba sasa aandike jina lake.

"Nyumba ni ya mzee, mama. Na mwakani kuna ukaguzi, saini yake itahitajika tena."

"Atakuwepo," alisema Modesta, akamwongezea chai.

Kristian alikuwa ameketi kando ya jiko, amempakata mjukuu. Kwa kuwa upenyo haukuwepo tena, siku hizi alipitia mlangoni, na kila alipoingia aliurudishia vizuri.