Kalamu Iliyogonga Chuma

Simu ya kituo ilikuwa na mazoea ya kulia kila ardhi ilipomaliza kutikisika. Edelmira, mpimaji wa matetemeko katika kituo kilichokuwa juu ya kilima cha Caleta Huanay, hakuhitaji kuuliza ni nani. Alikuwa baba yake, Don Eleodoro, mwoka mikate wa kijiji kilichokuwa chini, kando ya bahari.

Jumapili mchana, mikate ikishatoka, majirani walileta sufuria zao ziivishwe kwa moto uliobaki katika tanuri la mzee. Hapo ndipo ulipochezwa mchezo wao. Ardhi ikitikisika, kila mtu hukisia ukubwa wa tetemeko, kisha Edelmira, mwamuzi, hupima mchoro na kusema nani amekaribia. Mshindi humpa aliyekosea zaidi kazi yoyote, na kazi hiyo hufanywa papo hapo. Wote wakikosea kwa mbali, mwamuzi ndiye anayeamuru. Sheria hizo alizitunga Don Eleodoro mwenyewe, na hakumruhusu mtu yeyote azipinge.

Lakini Jumapili moja simu ililia wakati ardhi ilikuwa haijatulia.

"Andika, mwanangu," alisema mzee. "Mimi nne na nusu. Dada yako Maruja anasema nne kasoro, supu yake haijamwagika hata tone. Jirani yetu Sabina anasema tano."

"Huyo hata lori likipita anasema tano," Maruja alidakia kwa nyuma, na watu wakacheka.

Edelmira hakucheka. Taa ya dari ilikuwa ikiyumba polepole, na sakafu ilikuwa ikimwinua na kumshusha kwa upole. Aligeuka kuzitazama mashine zake.

Zilikuwa mbili, kila moja ikizungusha karatasi usiku na mchana chini ya kalamu nyembamba. Ya kwanza ilinasa mitikisiko ya haraka ya karibu. Ya pili ilinasa mawimbi marefu yanayosafiri ndani ya ardhi kutoka nchi za mbali. Kutokana na karatasi hizo alikuwa amejifunza kwamba dunia haipumziki. Ilikuwa nadra siku kupita bila kalamu kuchora tetemeko la milima ya kwao, au la Japani, au la Alaska. Madogo hayakuwa na idadi. Makubwa kabisa yalitokea kama mara moja kwa mwaka, mahali fulani. Maneno hayo, mahali fulani, ndiyo yaliyokuwa yakimpa usingizi.

Sasa kalamu ya mashine ya pili ilikuwa imekwenda mpaka ukingoni mwa karatasi na kugonga chuma cha kuizuia. Tk. Ikarudi taratibu, ikavuka katikati, ikagonga chuma cha upande wa pili. Tk. Aliingoja ichoke. Haikuchoka.

Kijiji kizima kilipima kwa vikombe na supu: la kishindo liliwatoa mbio, la upole liliwaacha mezani. Hili lilikuwa la upole kwa sababu kilichokuwa kikisogea kilikuwa kikubwa mno na kilisogea polepole. Sakafu ya bahari ikisogea hivyo haivunji vikombe. Hunyanyua maji.

"Baba, pandeni huku. Wote, sasa hivi."

"Kwa hili? Mwaka jana ulituweka kwenye ukungu mpaka jioni, mbwa wakala kuku wa Maruja, na bahari haikunyanyua hata kidole."

"Lile lilikuwa la kishindo. Hili ni refu. Bado linaendelea, baba."

"Naona taa inacheza kidogo tu."

"Mwambie ashuke ale," alisema Maruja. "Njaa imempanda kichwani."

Edelmira alitazama bahari dirishani, kisha rula iliyokuwa mkononi mwake. Angeanza kueleza, mzee angeuliza, naye angejibu, na maji yasingengoja wamalize. Akabadili sauti.

"Don Eleodoro," alisema. Hakumwita hivyo ila katika mchezo. "Mwamuzi ameshapima."

Kicheko kilikoma. "Haya, sema."

"Mmekosea wote, na kwa mbali."

"Kwa mbali kiasi gani?"

"Kalamu imegonga chuma."

Alimsikia mzee akivuta pumzi. Alipokuja kituoni mara ya kwanza, Don Eleodoro alikigusa chuma kile kwa kidole akasema kimewekwa kwa urembo, maana kalamu haitafika huko maishani.

"Adhabu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kila mtu apande na sufuria yake. Tutakula huku."

"Sufuria ni za moto."

"Basi ziacheni. Bebeni wasioweza kutembea."

Mkono wa simu uliangushwa mezani, haukurudishwa mahali pake. Edelmira alisikia viti vikiburutwa, Sabina akilalamikia magoti yake, na baba yake akisema, "Sheria ni sheria, mama, panda mgongoni mwa mwanao." Kisha kimya. Saa ya ukutani na sufuria iliyokuwa ikichemka ndizo zilizobaki kusikika. Hakujua kama walikuwa njiani au wamesimama uani wakibishana. Njia ya kupanda ilifichwa na bega la kilima.

Aliita. Hakuna aliyeitika. Kule chini bahari ilikuwa ikirudi nyuma bila kelele, ikifunua miamba myeusi ambayo hakuwahi kuiona, na mashua zikalala ubavu kwenye matope.

Sabina ndiye aliyetokea kwanza, mgongoni mwa mwanawe. Wakafuata wengine, wakihema. Maruja aliingia na kitambaa cha tanuri begani. Don Eleodoro alikuja nyuma kabisa, amekumbatia sufuria, suruali yake imelowa supu.

"Imemwagika nusu," alisema. "Nilipanga nikifika nikugombeze."

Kisha akaiona bahari dirishani, akaiweka sufuria chini.

Edelmira alizitazama nyuso moja moja, akazirudia. Walikuwa wote. Hapo ndipo alipogundua kwamba bado ameshika simu sikioni, na kwamba saa ya nyumbani kwao bado inahesabu. Sufuria ilichemka. Mlango wa kule chini uligongwa, kama na mtu anayesukuma kwa bega. Vyombo vikaanguka vyote kwa pamoja. Kisha ikaja sauti nzito iliyojaza sikio lake lote, na baada yake hapakuwa na kitu.

Mzee aliichukua simu mkononi mwake, akaisikiliza kwa muda, akairudisha taratibu mahali pake.

"Lilikuwa ngapi?" aliuliza.

"Sijui, baba. Sikupima." Alielekeza kidole kwenye karatasi, ambako mistari ilikatika pande zote mbili. "Lilipita mwisho wa mashine."

Nyuma yao kalamu iligonga chuma tena.

Tk.