Oili Isiyodondoka

Kipande cha boksi la bia kilikuwa kikavu vilevile kama kilivyolazwa. Slávka alipiga magoti kwenye sakafu ya banda, akakivuta kutoka chini ya pikipiki na kukigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna hata tone. Na bado kijiti cha kupimia kilipoingizwa kwenye giaboksi kilitoka na oili nchani tu, ilhali yeye mwenyewe aliijaza hadi kwenye alama juzijuzi.

"Bado unamvizia mwizi?" Radim, mumewe, alichungulia mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi.

"Oili inakwenda wapi, Radim?"

"Muulize baba. Mimi lile dude nililikimbia tangu utotoni. Nilipiga kiki, likanirudishia teke."

Lile dude lilikuwa pikipiki ya mashindano ya matope, nyekundu, tangi limebonyea ubavuni, na mzee Vendelín, baba yake Radim, alikuwa nayo tangu kabla mwanawe hajazaliwa. Ilikuwa ya zile zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli. Vendelín aliichanganyia mafuta ya nyonyo, basi ikiwaka tu, kijiji kizima kilijua kwa pua. Slávka alipoolewa nyumba ile alianza kwa kumshikia mkwe wake tochi. Baadaye akapewa kuosha mnyororo, kisha kufungua nati. Sasa aliruhusiwa kugusa kila kitu isipokuwa kabureta.

"Kabureta ya mtu ni kama mswaki wake," Vendelín alikuwa akisema. "Haushikwi na mwingine."

Jumapili ilikuwa siku ya mashindano ya pikipiki kuukuu, kule kilimani juu ya kijiji. Vendelín hakuwahi kuyakosa, lakini safari hii hata yeye alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini kila alipotaja injini. Silinda yake ilikuwa imenoki, pistoni ikikwama ndani kwa joto, na kukerezwa mara nyingi, na kila ikikerezwa inapanuka, inatafutiwa pistoni kubwa zaidi. Iliyokuwamo sasa ndiyo kubwa ya mwisho iliyopata kutengenezwa. Ikinoki tena, hakuna fundi wa kuiokoa. Itabaki pambo la ukutani.

Mzee aliingia bandani akijipangusa masharubu.

"Baba, oili ya gia imepungua tena. Na chini pakavu."

"Mashine ya zamani inakunywa, mwanangu. Hata mimi nakunywa."

"Yako naiona inapoingia, na kelele zake nazisikia. Hii inaingilia mdomo upi?"

Slávka alikuwa ameshainama nyuma, kwenye tundu la ekzozi, lile bomba la moshi. Akachovya kidole kwenye ule uji mweusi uliokuwa umeganda pale, akaunusa. Nyonyo, ndiyo. Lakini chini ya nyonyo palikuwa na harufu nyingine, nzito, ya kuchacha, ile inayobaki kwenye vidole ukimwaga oili ya gia.

"Nusa hapa, baba."

Mzee akanusa. Akanusa tena. Kisha akakaa juu ya kreti la bia na kutukana taratibu, kwa adabu, kwa sababu mkwewe alikuwapo.

"Sili ya kranki," akasema. "Ya kushoto. Ndiyo mpira unaosimama kama ukuta kati ya oili ya gia na injini. Imechoka, injini inaifyonza na kuichoma. Na mimi namimina tu, namimina, kama mjinga anayejaza pipa lililotoboka!"

Wakafungua upande wa kushoto, wakatoa klachi, wakaikuta sili ngumu na imepasuka kama ganda la chungwa lililosahaulika juu ya jiko. Mpya walikuwa nayo kwenye droo. Siku iliyofuata Vendelín alipiga kiki uani, injini ikadaka, na moshi uliotoka ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Slávka aliweza kuuona ukuta wa upande wa pili. Mlio nao ulikuwa mkali, safi.

Jirani yao, Ctibor, mwenye pikipiki ya Kiswidi aliyoisifu kuliko wajukuu zake, alitokeza kichwa juu ya ua.

"Vendelín! Umeiponya kifua? Nilishazoea kuisikia ikikohoa nyuma yangu."

"Jumapili utaisikia mbele yako, kiziwi we!"

Mzee akacheka hadi machozi. "Inaimba, Slávka! Unaisikia?"

Alikuwa anaisikia. Lakini kitu kilikuwa kinamtekenya kichwani, na hakikuacha kumtekenya hata walipokaa mezani. Kulikuwa na nyama ya nguruwe, kabichi na knedliki, ule mkate wa kuchemshwa. Alikuwa anakata knedliki kwa uzi alipouliza:

"Baba, wakati plagi zilipokuwa zinalowa na kuzima, ulifanyaje?"

"Nilibadilisha jeti ya kabureta. Nikaweka yenye tundu dogo, petroli ipite kidogo. Ikatulia."

"Lini hiyo?"

"Mwaka mliooana."

"Na mwaka tuliooana," Radim akadakia mdomo umejaa, "ndio mwaka ulipoanza kulalamika kwamba oili ya gia inapotea."

Slávka akauweka uzi chini. "Basi plagi zilikuwa zinaloweshwa na oili ya gia, wala siyo petroli. Sasa oili haiingii tena. Lakini tundu ni lilelile dogo. Si injini itakosa petroli, iungue kavu na kunoki?"

"Jeti ile imenivusha misimu yote hii. Kula, chakula kinapoa."

"Tuisome rangi ya plagi tu, baba, kabla ya—"

"Mimi nilikuwa nasoma plagi wewe hujajua kusoma kibao cha duka! Kula."

Akala. Ila Jumapili asubuhi, kabla ya kupanda kilimani, alichukua lile kopo la pipi ambamo mzee alihifadhi jeti zake za zamani, akalitia kwenye mfuko wa koti.

Kilimani kulinuka nyonyo na soseji za kuchoma. Kabla ya mashindano waendeshaji walipewa muda wa kupasha moto. Slávka hakukaa na wengine penye bia. Alikwenda kusimama juu kabisa, mwisho wa mpando mrefu, pale ambapo injini hufanya kazi ngumu kuliko pote.

Mzunguko wa kwanza Vendelín alipita akiwa mbele ya Ctibor, amekunja mgongo, na mlio ulikuwa mzuri. Wa pili, mlio ulikuwa umebadilika. Ulikuwa umekonda. Chini yake kulikuwa na kijisauti kama cha shanga zikitikiswa ndani ya kopo. Slávka akatega sikio: ndiyo injini inayoungua kavu. Akamsubiri azunguke tena, akaiacha kamba ya watazamaji, akasimama mahali ambapo mzee hangeweza kutomwona, akanyoosha mkono wa kushoto na kuukunja ngumi kwa nguvu: shika klachi.

Vendelín alimwona. Ctibor alikuwa nyuma yake pale pale, na kijiji kizima kilikuwa kinatazama. Kwa kitambo gurudumu la mbele liliendelea kuja vilevile, na Slávka akaendelea kukunja ngumi.

Mkono wa mzee ukafumba. Alikamata klachi na kuzima kwa pamoja, na pikipiki ikaja ikiteleza kimya hadi kwenye kamba.

"Kama umenizimisha bure," alisema akihema, "kesho utakula kwenu."

Alifungua plagi, akaishika kwa kofia yake isimuunguze. Wote wawili waliinama. Rangi waliyoitaka ilikuwa ya manyoya ya paa, ile ya kahawia inayoonyesha petroli imetosha. Hii ilikuwa nyeupe kama sahani.

Ctibor alipita akipiga kelele: "Vendelín! Tukungoje hadi Krismasi?"

Mzee alikuwa bado anaitazama ile plagi. Mwishowe akasema, "Ningeiua kwenye mpando huu huu."

Slávka akatoa kopo. Vendelín akalitazama, akamtazama yeye, akachagua jeti yenye tundu kubwa. Lakini vidole vilikuwa vimekakamaa kwa kushika usukani, na kile kipande kidogo cha shaba kikamponyoka kikaangukia majani. Slávka akakitafuta kwa vidole hadi akakipata.

"Weka wewe," akasema mzee.

"Kwenye kabureta?"

"Ulitaka kukiweka kwenye soseji?"

Bendera ya kuanzisha mashindano ilishuka wakati Slávka bado anakaza. Vendelín aliondoka wote wameshapotea kwenye vumbi, akamaliza wa mwisho kasoro mmoja, na huyo mmoja alikuwa amekatikiwa na mnyororo. Ctibor alimngoja na bia mbili mkononi na maneno mengi mdomoni, lakini mzee alimpita moja kwa moja hadi kwa mkwewe. Injini ilikuwa inanguruma taratibu, nzima. Akaizima, akafungua plagi, akamwekea Slávka kwenye kiganja juu ya kofia.

"Soma."

"Paa," Slávka akasema, na uso ukamchanua.

"Paa wa kiangazi au wa majira ya baridi?"

Slávka akamtazama. "Kuna tofauti?"

"Wa kiangazi ana wekundu. Wa baridi anaelekea kijivu. Kati yao kuna tofauti ya jeti nzima."

Slávka akageuka mgongo kwa kelele za kina Ctibor, akainua plagi kwenye jua, akafumba jicho moja, na kuanza kutazama upya.