Nta Kwenye Nyuzi

Niliolewa mikono ikiwa ya buluu hadi viwikoni. Shangazi zangu waliisugua kwa ndimu na mchanga asubuhi nzima, lakini rangi ya kwetu ikishakukubali haikuachi, basi nikaingia nyumba ya wafumaji hivyo hivyo. Mama mkwe aliitazama, akaguna, akaniambia nisiguse pazia.

Sisi watia rangi na wao wafumaji hatukuwa tukipikika chungu kimoja. Miaka thelathini nyuma walituletea jora la nguo tulitie rangi, likatoka na mabaka kama ngozi yenye upele. Wao wakasema rangi yetu mbovu. Sisi tukasema nyuzi zao mbovu. Jora la pili likatoka vilevile, kisha yakafuata matusi, ngumi, na karakana mbili kuteketea. Mkuu wa mji alipochoka akatoa amri: binti wa hawa aolewe na kijana wa wale, ama wote wafunge kazi. Hakimu peke yake ndiye aliyenitetea. Aliweka sharti kwamba baada ya miezi mitatu nitaulizwa mbele ya watu kama nabaki au narudi, na jibu langu halitapingwa. Jibu nilikuwa nalo siku ile ile. Narudi.

Tatizo likawa mume mwenyewe. Nilijiandaa kumchukia, naye hakunisaidia hata kidogo. Siku ya kwanza alihamishia mkeka wake chumba cha kufumia.

“Chumba hiki ni chako,” akasema. “Nikihitaji kitu nitabisha hodi.”

“Na usipohitaji?”

“Nitabisha vilevile, nikusalimie.”

Akabisha kweli, kila asubuhi. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa naamka mapema, nachana nywele, namngoja, huku nikijiambia ni joto tu linaloniamsha. Uongo mtupu. Nilikuwa nimempenda, na hasira zikanijaa, maana kubaki kungekuwa kutii amri, nami sikutaka kupenda kwa kuamriwa.

Basi siku moja mama mkwe alijifungia uani, kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya nguo mpya kuanza kufumwa. Mlango haukuwa umekomewa vizuri, nikausukuma kumpelekea maji. Alikuwa amepiga magoti, akizipaka nyuzi kitu kutoka kwenye chungu. Harufu yake niliijua.

“Mama, hiyo si nta?”

“Ni siri ya nyumba hii,” akafoka. “Ndiyo inayozuia nyuzi zisikatike. Ukiitoa nje sikutambui.”

Nikakaa chini. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, naye akadhani nimepagawa. Kwetu hata mtoto wa miaka minne anajua rangi haishiki penye nta. Ila hakuna aliyewahi kutuambia kuwa nta ipo, na hakuna wa kwetu aliyejishusha akauliza.

Nilipowaeleza, mume wangu akachemsha maji, tukachovya humo nguo iliyokwisha kufumwa, nta ikaelea juu, kisha nikaitia rangi. Ikatoka buluu moja, safi, pindo hadi pindo. Mama mkwe aliigeuza mara tatu. Halafu akavaa viatu, akaenda kwetu kwa miguu, na hakurudi mpaka jioni, amekula na ameshiba.

Ugomvi ukaisha kufumba na kufumbua, nami nikabaki roho juu. Amani haikunihitaji tena.

“Sasa hakuna wa kukulazimisha,” mume wangu akaniambia. “Wamepatana. Ukitaka kurudi, rudi.”

“Ndivyo unavyotaka?”

“Hapana,” akasema. “Lakini sitakuzuia.”

Siku ya hakimu ukumbi ulijaa, watu wa pande zote mbili wakisogezeana nafasi. Baba alikuwa amemleta punda, ametandikwa tayari, yuko nje.

“Binti,” hakimu akauliza, “unabaki au unarudi?”

“Mheshimiwa, mimi sijawahi kuposwa,” nikasema. “Nikishaposwa nitajibu.”

Minong'ono ikazagaa. Mume wangu akainuka, jasho likimtoka, akaja hadi mbele yangu.

“Utakubali nikuoe?”

Nikamwacha asimame kidogo. Dakika ile ilikuwa haki yangu, na ilikuwa tamu. Kisha nikasema nakubali.

“Sema kwa sauti,” mama mkwe akasema. “Huku nyuma hatusikii.”

Nikasema tena. Baba akatoka kumvua punda tandiko, akinung'unika kwamba angeambiwa mapema asingejisumbua, lakini nilimsikia huko nje akipiga mluzi.