Nukta Elfu Sita

Kitabu cha kuadhimisha miaka hamsini ya kiwanda cha saruji kinasema, ukurasa wa kumi na tisa, kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kufanya kazi kwenye tanuri. Ukurasa huo nimeusoma mara nyingi kuliko barua yangu ya kufukuzwa. Mama yangu alibeba magunia mbele ya tanuri hilo miaka kumi na moja. Shule sikusoma ya maana, lakini kusahau sijui.

Wageni wa sherehe walikuwa waingie getini Ijumaa saa tatu asubuhi. Nilitaka wakute ng'ambo ya barabara bango la mita tatu: picha ya siku ya mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda, mama yuko mstari wa mbele. Mama husema siku hiyo alisimama na kiatu kimoja, kingine kiliungua tanurini. Wajukuu humcheka, hawamwamini. Picha ilikuwa kwenye simu yangu, na nilishawatumia watu wasiohesabika.

Alhamisi asubuhi nikaipeleka kwa Mama Nukta, fundi wa kuchapa mabango, nikamsimulia na habari ya kiatu. Akaikuza kwenye kompyuta mpaka uso wa mama ukabaki vigae vinne vya kijivu.

"Kaka, picha yako nyepesi."

"Nyepesi? Watu sitini na magunia yao?"

Alicheka mpaka akashika meza. Uzito alioutaja ni wa faili: kilobaiti tisini tu. Alisema kila picha inapotumwa upya, simu huimega ili ipite upesi. Yaani mimi, kwa kuisambaza kwa hasira zangu zote, ndiye niliyekuwa namla mama uso. Hilo liliniuma kuliko kitabu.

Sikukubali kushindwa. Nikaenda kwenye kompyuta ya chama cha wafanyakazi, nikaipanua mwenyewe, adhuhuri nikarudi kifua mbele na megabaiti thelathini. Mama Nukta akatupa jicho moja.

"Umeongeza maji kwenye mchuzi. Sufuria imejaa, nyama ni ileile."

Akauliza ilipigwa na nani. Nikamwambia: shemeji yangu, marehemu mume wa dada, kwa kamera ya filamu. Kicheko kikamkauka.

"Filamu ipo, halafu wewe unaniletea simu?"

Nilikimbia. Na magoti haya, nilikimbia. Dada alikuwa anaanika nguo. Akaniuliza kama polisi wako nyuma yangu, maana ndivyo ninavyofikaga kwake. Nilipomweleza, akavuta kutoka chini ya kitanda kopo la maziwa ya unga lililojaa mikanda ya filamu, zile negativu zenyewe, kila mmoja umefungwa kwa karatasi yenye mwandiko wa mumewe. Kunipa mkononi hakunipa. Alisema kila ninachoshika huishia mkutanoni na hakirudi. Akalikumbatia kopo, tukaenda wote.

Mama Nukta aliupangusa mkanda wa siku ya mgomo, akauskani ukaingia kwenye kompyuta. Nukta elfu sita kwa upana, megabaiti sabini na mbili. Akapiga hesabu kwa sauti: mita tatu ni inchi mia na kumi na nane, kila inchi itapata nukta hamsini. Kwa picha ya kushika mkononi, alisema, ni aibu. Lakini bango halisomwi kwa pua. Kwa mtu wa ng'ambo ya barabara, zinatosha na kusaza.

Mashine ikaanza kwenda na kurudi. Likatoka anga, likatoka bomba la moshi, vikatoka vitambaa vya kichwani. Ulipotoka uso, dada alinikamata mkono kwa kucha zote. Ni mama, na kovu lake juu ya nyusi, anamkodolea macho mtu nje ya picha. Nikapiga meza ngumi ya furaha, Mama Nukta akaniambia meza si ya serikali. Halafu miguu ikatoka, na tukapiga kelele watatu kwa pamoja.

Ijumaa saa mbili bango lilikuwa juu. Wageni waliposhuka magarini wakasimama wakilitazama, na mmoja alikuwa na kile kitabu kwapani. Mama alivuka barabara kwa mkongojo akalisogelea mpaka pua ikagusa.

"Rudi nyuma, Mama," nikamwambia. "Kwa karibu utaona nukta tu."

"Nimerudishwa nyuma vya kutosha." Akainama, akaweka kidole kwenye mguu wake mtupu, kisha akamgeukia yule mwenye kitabu. "Wewe mwanangu, hebu niambie. Viatu vingapi?"