Giza la Kwa Hamdani

Nilipiga vigelegele kwa sababu taa ya jirani haikuwaka. Watu zaidi ya ishirini walikuwa uani kwetu, Kigoma mjini, mwaka 1997, shingo wamezielekeza barazani kwa Hamdani, wakisubiri balbu yake iwake kwa jenereta ya baba yangu. Balbu ikabaki vilevile. Wote wakaguna. Mimi peke yangu nikashangilia, tena kwa sauti ya harusini, na baba akageuka kunitazama.

Ili unielewe, turudi nyuma wiki mbili.

Baba, Mzee Martini, aliuza samaki aina ya migebuka, na barafu, ufukweni pale Katonga, na umeme wa mji mwaka ule ulikuwa kama mgeni asiye na adabu: unakuja ukijisikia, unaondoka bila kuaga. Jenereta aliyoiagiza ilipofika kwa treni, aliiweka stoo, ndani ya nyumba, kwa kuogopa wezi. Fundi wa nini? Alitengeneza mwenyewe waya wenye plagi mbili, moja kila mwisho, akachomeka upande mmoja kwenye jenereta na wa pili kwenye soketi ya ukutani. Ilikuwa Jumamosi, magharibi, umeme umekatika tangu mchana. Sebule ikawaka. Mara tukasikia kelele kwa Hamdani: na kwao kumewaka! Na nyumba ya tatu pia! Baba akasimama mlangoni kifua mbele. Alikuwa mtu wa kugawa. Samaki akibaki, humpelekea jirani. Sasa amegawa hadi taa.

"Tumieni, jamani, tumieni! Ni yetu sote!"

Jumatatu yake nikaonana na Gervasi. Huyo alikuwa mchumba wangu, na baba hakujua hata kama kuna mtu wa jina hilo duniani. Kazi yake ilikuwa kupanda nguzo za umeme.

"Juzi nusura nife, Roza," aliniambia, akijitahidi kucheka. "Laini tumeizima wenyewe. Nikapima kwa mazoea tu kabla ya kushika, kipimo kikawaka. Kuna nyumba inaturudishia umeme nguzoni."

Hakujua ni nyumba gani. Mimi nilijua: taa ya Hamdani iliwaka kwa umeme wetu uliopitia nguzo zilezile. Nilirudi nyumbani, nikala ugali bila kuonja ninachokula.

Baba ningemwambiaje? Angeuliza nimejuaje, na huyo Gervasi ni nani. Nilikuwa mwoga, nakiri. Nikashika upande wa moshi, ambao nao ulikuwa kweli tupu: nikamwambia moshi wa mashine ile humo ndani utatumaliza sote usingizini, na kwamba kuna fundi namfahamu.

Fundi Ntahomvukiye alikuwa ametutengenezea taa katika zahanati nilikofanya kazi. Bujumbura alikuwa fundi umeme miaka kumi na mitano; sasa alikuwa mkimbizi katika kambi ya upande wa Kasulu, akipanga foleni ya unga. Alikuja na kibali cha siku tatu na bisibisi mbili mfukoni mwa shati. Siku ya kwanza aliitoa jenereta stoo, akaijengea kibanda mwisho wa ua, bomba lake la moshi likatazama ziwani. Siku ya pili akafunga swichi kubwa ya kugeuzia: juu umeme wa mji, chini jenereta, na viwili hivyo visikutane kamwe. Ndipo alipouona ule waya. Akauokota, akaugeuzageuza.

"Mzee, huu nani aliutengeneza?"

"Mimi mwenyewe," baba akajibu kwa fahari.

"Ego," yaani ndiyo, akaitikia kwa Kirundi. Akauweka mezani polepole. "Bujumbura nilikuwa na mwenzangu. Alipanda nguzo, umeme tumekata. Nyumba moja ikawasha mashine kwa waya kama huu. Mimi ndiye niliyemteremsha."

Tatizo ni kwamba baba alikwisha kuwatangazia majirani waje siku ya tatu kuona mtaa ukiwaka.

Wakaja. Ilikuwa saa moja jioni, na umeme, kama kawaida yake, haukuwepo. Asubuhi nilikuwa nimemuuliza Gervasi, akasema leo hapandi. Lakini kesho angepanda, na keshokutwa, na kama swichi ile ilikuwa na kosa lolote, fundi wa kuirekebisha angekuwa ameshapanda lori la kurudi kambini.

Ntahomvukiye aliiwasha mashine kwanza bila kuibebesha kitu. Akaisikiliza kitambo kirefu, kichwa ameinamisha. Kisha akamgeukia Bi Shadia, mke wa Hamdani.

"Mama, washa swichi zako zote. Kwako leo tunatafuta giza."

"Giza? Si ninalo tangu juzi!" Shadia akajibu, uani wakaangua kicheko.

Fundi akashusha swichi. Taa yetu ikawaka. Akawasha redio, ikaimba. Mwisho akawasha friji, likatetemeka, likatulia, likaanza kunguruma. Macho yote yakahamia kwa Hamdani. Hakuna kitu. Giza safi.

Ndipo nilipopiga vigelegele.

"Rozalia," baba akasema, "jirani yuko gizani, wewe unashangilia?"

"Nguzo hizi anapanda Gervasi, baba. Jumamosi ile alikuwa juu."

Ikabaki mashine peke yake inaongea. Kisha Shadia, aliyejua siri yangu muda mrefu, akadakia vigelegele vyake, na wanawake wote wakafuata hata bila kujua tunashangilia nini. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Baba hakuuliza Gervasi ni nani. Aliwaambia majirani walete samaki wao frijini na watoto waje redioni, akamfungia fundi migebuka minne, tukamsindikiza hadi kwenye lori tukiimba.

Mwezi uliofuata Gervasi alikuja na mjomba wake kuleta posa. Walikuta mezani, kando ya soda, waya umekatwa vipande viwili, kila kipande na plagi yake.

"Kijana," baba akasema, "kabla hujasema lililokuleta, nina langu. Ilikuwa nyumba hii."

Gervasi akanyoosha mkono mezani. Akachukua kipande kimoja, akakitia mfukoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," baba akajibu. "Marahaba, mwanangu. Kaa."