Chumba cha Nyuma

Kazini walimwita binti huyo Kobe kwa sababu alitembea na makazi yake mgongoni: begi la nguo, godoro jembamba la kukunja na sufuria moja. Alicheka nao, ila moyoni alijua utani ule haukukaa sawa, maana kobe angalau nyumba anayo. Yeye alishinda akishona mapazia ya madirisha ya watu, na mshahara wake haukutosha kupanga hata chumba chenye dirisha la kutundikia pazia moja. Ndiyo maana alilinda nyumba za waliosafiri. Wao walipata mtu wa kuwasha taa na kumwagilia maua, yeye akapata paa.

Alikuwa na utaratibu wake, na alijivunia. Siku ya kwanza, kabla hajagusa kitu, alikipiga picha kila chumba kwa simu. Baada ya hapo aliishi humo kama hayumo. Alilala chini sebuleni, asubuhi akakunja godoro na kulisokomeza nyuma ya kabati, akafuta sinki mpaka likakauka, akarudisha kila kiti mahali pake huku akitazama picha. Wenye nyumba walirudi wakakuta nyumba yao ile ile, wakamsifu kwa rafiki zao, na sifa hizo ndizo zilizompa nyumba iliyofuata. Ikipita hata siku moja kati ya nyumba na nyumba, yuko barabarani.

Safari hii mwenye nyumba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, aliyekwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua. Wakati wa kumkabidhi funguo alimwonyesha picha ukutani ya mwanawe wa kiume, amevaa sare ya uuguzi. Huyo, alisema Mwalimu, ameshajitegemea, ana nyumba yake upande wa pili wa mji. Mwanawe alijua nyumba imefungwa tu. Angesikia kwamba mama yake amemweka mgeni asimwombe yeye, angenuna, kwa hiyo Kobe asimwambie mtu. Na akimaliza salama, kuna rafiki yake Mwalimu anayesafiri mwaka mzima na anatafuta mtu wa kumwachia nyumba. Mwaka mzima mahali pamoja! Kobe aliitikia haraka, asije akabadilishiwa maneno.

Hofu ilianza na kitambaa cha jikoni. Alirudi jioni akakikuta kimelowa, akajiambia labda yeye mwenyewe hakukianika vizuri. Kesho yake sabuni ya bafuni ilikuwa na povu. Halafu kiti: kwenye picha kimeegemea ukuta, na sasa kilikuwa kimegeuzwa kutazama dirisha. Alishika birika, akalikuta lina uvuguvugu.

Mwizi anayeiba unamwelewa, anachukua redio anakwenda zake. Huyu alikuja, akanywa chai, akaosha kikombe, akakifunika palepale kilipokuwa. Mtu wa namna hiyo anataka nini? Kobe alianza kulala na mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa chini ya mto. Kumwambia Mwalimu hakuthubutu, maana mlinzi aliyeshindwa kulinda hapewi nyumba ya pili. Basi akanyamaza, na kunyamaza kukamkondesha. Kazini alishona pazia zima juu chini, bosi wake akamuuliza kama ni mgonjwa, akasema ni meno.

Mwishowe uoga wenyewe ulimchosha. Akaomba ruhusa mchana, akarudi na mkasi mkononi. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Ndani kulikuwa kimya, ila mlango wa chumba cha nyuma, ambacho hakukitumia kabisa, ulikuwa umerudishiwa tu. Alisogea, akasikia mtu anakoroma. Akatamani kukimbia, lakini angekimbilia wapi, na begi lake limo humo humo? Akausukuma mlango kwa ncha ya mkasi.

Mwanamume aliyekuwa kitandani alizinduka, akauona mkasi, akajibana ukutani na shuka lake kifuani.

"Chukua unachotaka," alisema. "Usiniumize tu."

"Wewe ni nani?"

"Hapa ni kwetu."

Sare ilitundikwa nyuma ya mlango, na sura ilikuwa ile ya ukutani, ila imechoka zaidi. Alieleza kwa kukatakata maneno. Kodi ilipandishwa, akashindwa, akahama. Alilala kwa marafiki mpaka wakaanza kuguna. Mama alipoondoka, akakumbuka ufunguo wake wa zamani. Usiku alikuwa zamu hospitalini, mchana akaja kulala. Hakuona dalili ya mtu hata moja, na yeye, kwa malezi ya Mwalimu, hakuwahi kuacha kikombe kichafu. Siku mbili tatu hizi alihisi harufu ya mtu sebuleni, na tangu hapo alilala jicho moja wazi. Kwa hiyo walikuwa wakiogopana zamu kwa zamu, mmoja usiku, mwingine mchana.

Simu ya Kobe ikaita. Mwalimu. Akapokea.

"Jirani amemwona mwanamume dirisha la nyuma," sauti ilisema, kavu kabisa. "Binti, umeniingizia mwanamume nyumbani kwangu?"

Muuguzi alisikia. Akaunganisha viganja kumwomba, akitikisa kichwa. Kobe aliujua woga ule. Mama yake mwenyewe aliamini kwamba bintiye ana chumba kizuri na choo chake ndani. Neno moja tu, ndiyo, lingemstiri mtu huyu. Neno hilo hilo lingemnyima yeye ule mwaka mzima.

"Si wangu, Mwalimu," alisema. "Ni wako."

Akamnyooshea simu. Yule aliitazama, kisha akaipokea.

"Mama, ni mimi. Sina nyumba. Tangu mwaka jana sina."

Mwalimu akasikika akilia, akimuuliza kwa nini alale kwao kama mwizi, akimwambia akae, kwao ni kwao. Mwanawe naye akalia. Simu iliporudi kwa Kobe, sauti ya Mwalimu ilikuwa laini kama ya mzazi wake.

"Ahsante, mwanangu. Basi nyumba imeshapata mwenyewe. Jioni umwachie funguo."

Kobe akauliza kuhusu ile nyumba ya rafiki yake.

"Tutaona," alisema Mwalimu.

Kobe alikuwa akiijua vizuri hiyo tutaona. Hofu ya chumba cha nyuma ilimtoka, na ile ya siku zote, ya kukosa pa kulala, ikarudi. Akatoa godoro nyuma ya kabati, akapita chumba kwa chumba na picha zake, akakirudisha kile kiti ukutani. Hakuna alichosahau, kwa sababu hakuna picha hata moja iliyokuwa na kitu chake.

Muuguzi alimsindikiza mpaka mlangoni, akapokea funguo kwa aibu, akamuuliza anakwenda wapi saa hizi.

"Kwangu," alisema Kobe.

Jibu lile lile muuguzi mwenyewe alikuwa amelitumia mwaka mzima, kwa kila aliyemuuliza anaishi wapi. Hakuuliza tena.